Mlango wa Sange

Bukavu, Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Kaka yangu Zakaria,

Amani ya Bwana ikufikie hapo Kasulu, ikukute umekaa barazani kwako, wifi yangu akiwa karibu, na nyumba nzima ikiwa na afya. Sisi huku tu wazima. Mvua imetangulia mwaka huu, mteremko ulio nyuma ya nyumba yetu umeteleza kidogo, lakini ukuta umesimama.

Barua yako niliipokea mikononi mwa Sista aliyepitia Manyovu na Uvira. Niliisoma mara moja nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena kama inavyostahili. Mwandiko wako haujazeeka. Umeniandikia habari za maharage, za paa jipya la kigango, za ndama aliyezaliwa usiku wa mvua, na za jirani yako ambaye bado anausogeza mpaka. Kuhusu mguu wako hukuandika neno. Nililiona hilo, nikasema moyoni kwamba aliyenyamaza ni mzima, kama tulivyozoea kwetu, nikaendelea kusoma.

Mwishoni umeniuliza swali ambalo limenichukua majuma kadhaa kulijibu. Umesema watu wa kigango wanakuuliza mpwa wako, binti yangu Nsimire, anafanya kazi gani hapa Bukavu, nawe ukiwajibu kwamba anafanya kazi ya kompyuta, wanacheka. Wanasema kompyuta si kazi bali ni chombo, na kwamba ni sawa na mtu kusema kazi yake ni jembe. Wana haki ya kucheka. Jibu lako halikutimia, na mimi ndiye niliyekuwa sijakupa jibu lililotimia. Kwa simu siwezi, kwa kuwa masikio yako na mtandao wetu havipatani. Basi kaa vizuri nikueleze, na kukueleza vizuri sharti nikusimulie yaliyompata Byamungu wa Sange.

Kwanza ofisi. Tangu nistaafu kufundisha, asubuhi kadhaa kwa juma huenda kukaa katika ofisi anayofanyia kazi Nsimire, juu ya duka la dawa, ambako wamenipa meza na dirisha. Wao wanaandika programu kwa lugha za mashine, na mimi ninaandika kwa Kiswahili maelezo ambayo watumiaji watayasoma. Mbele yangu wananiita Maman Mwalimu. Nyuma yangu wananiita Maman Sanifu, nami hujifanya sisikii, kwa sababu si tusi.

Ofisi hiyo inayaunganisha majokofu ya chanjo ya vituo vya afya na idara ya chanjo hapa mjini. Ndani ya kila jokofu kuna kipimajoto chenye akili kidogo. Mashine kubwa iliyoko Bukavu huenda, kwa njia ya mtandao, kukibishia hodi kila kipimajoto na kukiuliza kuna baridi kiasi gani. Kikijibu, alama yake kwenye skrini huwa ya kijani. Kisipojibu, alama huwa nyekundu, na simu huanza kupigwa, kwa maana chanjo iliyopata joto imekufa, na mtoto aliyechomwa chanjo iliyokufa hana kinga hata kama kadi yake inasema anayo.

Ili mashine ifike, ni lazima ijue anwani. Katika mitandao, anwani kamili ina sehemu mbili kubwa, nyumba na mlango. Nyumba ni namba ya kifaa chenyewe. Mlango ni namba ya mahali ambapo kifaa hicho kinasikiliza wabishaji hodi. Mtu wa Bukavu huelewa jambo hili upesi, kwa kuwa nyumba zetu zimejengwa kwenye miteremko. Nyumba moja ina mlango wa juu unaotazama barabara na mlango wa chini unaotazama ziwa, na mgeni anayebisha juu wakati wenyeji wako chini atabisha mpaka achoke, kisha aende akatangaze kwamba wamehama.

Vituo hupeleka anwani zao kwa njia ambayo vijana wanaiita API, yaani utaratibu wa programu moja kuzungumza na nyingine. Mpangilio unaosema kila neno liwekwe wapi, na lipi ni la lazima, wanauita skima. Katika skima hiyo nyumba ni ya lazima. Mlango ni wa hiari, na jina la kituo kwa maneno nalo ni la hiari.

Sasa unisikilize hapa, Kaka, kwa sababu jambo lote limejificha katika neno hilo la hiari. Ukimtuma mtu apeleke mayai kwa mapadre, humwambii apitie mlango gani. Atapitia mlango wa jikoni, kwa sababu mayai hupokelewa jikoni tangu tulipokuwa wadogo. Hukuutaja mlango, lakini unajulikana. Mwambie mtu huyo huyo, "Pitia mlango wowote," na leo atapitia jikoni, kesho sakristia, keshokutwa atatokea kwenye chumba cha wageni, na mpishi atamngoja bure. Kutoutaja mlango na kuruhusu mlango wowote ni mambo mawili. Katika mitandao, namba sifuri maana yake ni hilo la pili. Sifuri ni kukiambia kifaa: jichagulie.

Programu waliyokuwa wakiitumia, ambayo Nsimire aliirithi kutoka kwa kijana aliyehamia Kinshasa, haikuijua tofauti hiyo. Aliyenyamaza, yenyewe ilimwandikia sifuri. Aliyeandika sifuri kwa mkono wake, nayo ilimwandikia sifuri. Wote wawili wakawa watu wa mlango wowote.

Byamungu ni muuguzi. Nilimfundisha hapa Bukavu, akiwa kijana mrefu asiyesema haraka, kabla hajaoa na kushuka kwenda kukaa Sange, kule bondeni mwa Ruzizi, kwenye joto. Yeye ndiye anayetunza chanjo katika kituo chake. Vipimajoto vilipogawiwa, mafundi walikwenda wenyewe Nyantende, Lwiro na kwingine, wakaviweka na kujaza kila kitu kwa mikono yao. Njia ya Sange ilikuwa imefungwa na maporomoko. Basi wakampelekea Byamungu kifaa kwa lori lililofanikiwa kupita baadaye, wakamwambia ajaze mwenyewe kwenye simu. Akajaza. Alama ikawa ya kijani, wote wakamsifu.

Umeme ulipokatika ukarudi, alama ya Sange ikawa nyekundu na ikabaki nyekundu. Fundi akashuka, akakisajili kifaa upya kwa yale yale aliyoyajaza Byamungu, ikawa kijani. Umeme ukakatika tena, ikawa nyekundu tena. Daktari anayesimamia chanjo alitafuta sababu, na aliyoipata haikuwa ya kuzua, kwa maana imewahi kutokea kwingine. Katika vituo vingi, majirani huja kuomba kuchaji simu zao. Akaamini kwamba Byamungu anakichomoa kipimajoto ili achomeke simu za watu. Byamungu alipoulizwa alisema hachomoi kitu. Alipoulizwa kwa nini basi kifaa kinanyamaza, alisema hajui. Barua ya kumwachisha kazi ikaandikwa, ikabaki kutiwa saini.

Hayo yalimfikia Nsimire kupitia kwa mkuu wake, Ingénieur Cirhuza, ambaye aliyasema akipita tu, kama habari ya mvua. Siku hiyo Nsimire alirudi nyumbani mapema. Nilikuwa jikoni ninachambua lengalenga. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Ninayaandika maneno ya watu wa hapa kama walivyoyasema, usinilaumu kwa sarufi yake; ukikuta njo ni ndiyo, ju ni kwa sababu, fasi ni nafasi, ao ni au.

"Maman," alisema, "ile kifaa ya Sange haiko ya kuzimwa. Nikiita nyumba, inaitika. Nikibisha mulango, hakuna mwenye kufungula. Mu nyumba muko mutu."

Nikamwambia aseme vizuri. Akarudia kwa Kiswahili safi, maana akiwa na jambo zito hunitii hata katika viambishi. Kifaa kilikuwa na umeme na kilikuwa macho. Kingekuwa kimechomolewa, hata nyumba isingeitika. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba kila umeme ulipokatika, kifaa kilipoamka kilijichagulia mlango mwingine, kama kilivyoruhusiwa, na mashine ya Bukavu iliendelea kubisha kwenye mlango wa zamani, ule kiliouchagua siku ya kusajiliwa.

"Kwa hiyo Byamungu hana kosa," nikasema.

"Kosa iko yetu. Iko mu programu. Nikisema vile mbele ya Docteur, Papa Ingénieur atasema nimeuza ofisi. Batatunyanganya kazi, bape ba Goma ao ba Kigali."

Nilimuuliza Nsimire, Byamungu alijibu nini alipohojiwa? Akasema alijibu kwamba hajui.

"Yeye hajui na wewe unajua," nikamwambia. "Ni nani anayepaswa kusema?"

Alininyang'anya kisu, akaanza kuikata ile mboga, akaikata vipande vikubwa visivyoelezeka, nami nilivipika vivyo hivyo bila kusema neno. Asubuhi alimwomba Ingénieur kwamba, kabla barua haijatiwa saini, Byamungu aitwe asikilizwe, na daktari awepo. Ingénieur alimuuliza kama ana hakika. Akasema anayo. Akamuuliza kama anajua anachokiomba. Akasema anajua hicho pia.

Byamungu alipanda kutoka Sange kwa gari la asubuhi, akapita ile milima ambayo wewe ulifumba macho ulipokuja kunitembelea. Aliingia ofisini akiwa amefunga kifungo cha shingoni, na mkononi ana mfuko wa mchele wa bondeni, kwa kuwa mtu wa kwao haendi mikono mitupu kwa mwalimu wake hata siku ya kuhukumiwa. Daktari aliutazama ule mfuko kwa jicho la ukali. Byamungu akaukabidhi kwangu, si kwake, akaniamkia, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa aketi. Mimi niliitwa kukaa kwa sababu maelezo ya skima niliyaandika mimi, na kama kulikuwa na neno lisilo wazi, ilikuwa haki niulizwe.

Nsimire hakuanza kwa kusema. Alikuwa ameweka mezani kipimajoto ndugu ya kile cha Sange, na skrini imegeuzwa upande wa daktari. Alikisajili kwa mlango sifuri. Kijani. Akachomoa waya, akachomeka tena, akaomba wote tungoje. Nyekundu. Akamwomba daktari akiguse kifaa kwa kidole chake mwenyewe aone kama taa yake inawaka. Ilikuwa inawaka. Kisha akamwonyesha nyumba ikiitwa na kuitika, na mlango ukibishwa bila kufunguliwa. Mara ya pili hakuandika kitu penye mlango, akachomoa, akachomeka. Nyekundu tena. Mara ya tatu aliandika namba ya mlango ambao vipimajoto vya aina hiyo huutumia kwa kawaida. Alichomoa na kuchomeka mpaka daktari mwenyewe akasema inatosha, na alama ilirudi kuwa ya kijani kila mara.

Ingénieur Cirhuza alikuwa akitazama meza. Kisha Nsimire, aliyevaa nguo yake ya Pasaka, alisema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe. "Docteur, Papa Byamungu hakuchomoa kitu. Ni programu yetu njo ilimusemea."

Daktari hakuwa mtu wa kuyumba upesi. Alisema amekubali kwamba kifaa hakikuchomolewa, lakini bado ana swali. Akamgeukia Byamungu.

"Ile zéro, ni nani aliitia?"

"Ni mie, Docteur."

"Ju ya nini? Fasi iliandikwa ya hiari."

"Mulango sikuujua. Na fasi haiachwake wazi. Njo vile tulifundishwaka." Akanitazama mimi. Daktari naye akanitazama. Ingénieur akanitazama.

Nikasema, "Ni mimi niliyemfundisha, na akirudi darasani kesho nitamfundisha hivyo hivyo."

Wewe unajua sababu, Kaka, ingawa huko kwenu mambo ni mepesi zaidi. Katika nchi hii, nafasi uliyoiacha tupu juu ya saini yako ni nafasi uliyompa mtu mwingine aandike anachotaka. Kila mtu aliyepita shuleni, parokiani au ofisi ya komini amefundwa kwamba usichokijua ukipige mstari, au uandike néant, yaani hakuna, au utie sifuri, ila usikiache wazi. Mafundi hawakufanya kosa hilo kwa sababu walikuwa na namba mkononi. Byamungu hakuwa nayo, akafanya kile ambacho mtu mwangalifu wa hapa angefanya. Mzembe angeiacha wazi, na kwa programu ile angeadhibiwa vilevile.

Nilidhani daktari atakasirika. Badala yake mdomo wake ulianza kucheza pembeni. Alisema kwamba yeye mwenyewe, akilala hoteli, akijaza ile karatasi yao, penye jina la mke aliyefuatana naye huandika néant kwa herufi kubwa, "ju mutu asikuje kuniongezea mwingine." Ingénieur alicheka kwanza, kisha Byamungu, kwa kuchelewa na kwa heshima. Mimi sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Ingénieur Cirhuza ni mtu wa haki, ila ni mtu wa haraka. Alipiga meza kwa kiganja akasema suluhisho ni jepesi, hiari ifutwe. Sehemu zote ziwe za lazima. Asiyejaza mlango, simu isimpokee. Daktari akatikisa kichwa kukubali, na ilionekana jambo limefungwa.

Nsimire akasema, "Papa Ingénieur, naomba."

Sisi, Kaka, tulilelewa kutomrudisha nyuma mkubwa mbele ya mgeni, na mtoto wangu nimemlea hivyo hivyo. Hakupandisha sauti. Aliomba ruhusa ya kumuuliza Byamungu swali moja tu, na Ingénieur akampa kwa mkono, bila kumtazama.

"Papa Byamungu," alisema, "kama siku ile telefone ingekatala kupita bila numero ya mulango, na hauijue, ungefanya nini?"

Byamungu alifikiri kwa uaminifu, kama alivyokuwa akifikiri ubaoni. "Ningeweka numero moja ya muzuri," akajibu. "Mwaka yangu ya kuzaliwa."

Daktari alijifunika uso kwa mkono. Nsimire akamgeukia mkuu wake, akasema polepole, "Ukimulazimisha mutu aseme kitu hajui, atakudanganya kwa heshima. Na sie tutaamini, ju tulimulazimisha."

Ingénieur Cirhuza aliuondoa mkono mezani. Nilisikia watu wa duka la dawa wakisogeza makasha chini yetu. Kisha akamuuliza Nsimire, kwa sauti ya kazi na si ya hasira, kwamba basi yeye angeitengenezaje. Akamweleza pale pale, daktari akisikiliza, Byamungu akiwa ameshika magoti yake. Alipomaliza, daktari aliikunja ile barua isiyotiwa saini, akaitia mfuko wa koti. Alimwambia Byamungu arudi kwenye chanjo zake, na kwamba safari ijayo asiogope kusema hajui. Byamungu akajibu kwamba alikuwa amesema.

Hilo nalo daktari alilipokea, akainamisha kichwa.

Sitakuficha kwamba Ingénieur alikaa juma zima akizungumza na Nsimire kwa maneno ya lazima tu. Idara ya chanjo ilitaka maelezo kwa maandishi, akayaandika, na ni yeye aliyetia saini, si Nsimire. Hapo nilimheshimu. Kazi haikuhamishwa. Baada ya juma hilo alimwita Nsimire akamwambia skima yote iko mikononi mwake, aijenge upya.

Ameijenga, nami nimeona kwa macho yangu. Mlango umebaki wa hiari. Ukitajwa, unafuatwa. Usipotajwa, programu haiongezi kitu. Inaweka kumbukumbu kwamba haukutajwa, kisha inaangalia aina ya kifaa na kubisha kwenye mlango wake wa kawaida. Sifuri haipokelewi tena kwa vipimajoto. Anayeiandika anajibiwa kwa upole, kwa Kiswahili changu, kwamba sifuri maana yake ni mlango wowote, na kama haujui mlango, aseme tu hivyo. Na kwa kuwa anawajua watu wake, hakuwaachia nafasi tupu inayowaumiza mikono. Aliweka pale neno la kuchagua, "Sijui bado." Mtu analibonyeza, dhamiri yake inatulia, na kwa upande wa mashine ni kana kwamba amenyamaza. Vijana wengine walimcheka kwamba anapamba. Vituo vyote vinalitumia.

Liko jambo moja ambalo lilinigusa kuliko hayo yote. Katika kumbukumbu za zamani zilibaki sifuri nyingi za vituo vya umeme wa jua vilivyojisajili vyenyewe baadaye na havijawahi kuzimikiwa, na hakuna aliyeweza kujua zipi ziliandikwa na watu na zipi zilijazwa na programu. Ingénieur alitaka zote zigeuzwe kwa mkupuo kuwa mlango wa kawaida, yaishe. Nsimire alikataa. Alisema hajui walitaka kusema nini, na hatawasemea mara ya pili. Alishika simu akapiga kituo kwa kituo, akauliza, akasubiri, akapiga tena pale mtandao ulipokatika. Nilikuwa kwenye meza yangu ninamsikiliza. "Bonjour, maman. Mulango ya kipimajoto yenu, munaijua ao hamuijue? Hakuna mubaya. Kama hamuijue, semeni tu." Alisema hivyo hivyo kwa kila mmoja, kwa upole ule ule, hadi sauti ikamkauka. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na subira ya namna hiyo na mbuzi.

Juzi umeme ulikatika tena huko bondeni. Nsimire aliniita kwenye skrini yake. Alama ya Sange ilikuwa nyekundu. Tukangoja. Nilijikuta nimeshika rozari mfukoni, kwa ajili ya jokofu. Umeme ulirudi, na Sange ikawa ya kijani yenyewe, bila fundi, bila simu, na baridi yake nzuri imeandikwa pembeni. Jioni Byamungu alipiga. Hakutaja kifaa. Aliniuliza kama mchele tumeupika na kama ulikuwa mzuri. Nikamwambia ulikuwa mzuri, na kwamba mwanangu alikula sahani mbili.

Basi hilo ndilo jibu la watu wa kigango. Waambie kwamba mpwa wako analinda tofauti kati ya mtu aliyesema na mtu aliyenyamaza, ili asiyesema asisingiziwe neno. Kama hawataelewa, waambie kuhusu mayai ya mapadre. Waambie pia kwamba alisimama mbele ya wakubwa wawili akasema kosa ni letu, na mama yake alikuwepo.

Na sasa, Kaka, narudi kwenye barua yako. Niliisoma tena jana jioni mapema, baada ya kumsikiliza binti huyu akipiga simu siku nzima. Maharage yamo. Paa limo. Ndama yumo, na jirani yumo. Mguu haumo. Safari iliyopita uliniandikia kwamba kidonda hakijafunga na kwamba utakwenda hospitali baada ya mavuno. Mavuno yamekwisha, umeniandikia hivyo mwenyewe. Mimi niliposoma nilikujazia nafasi hiyo. Niliandika "mzima" kwa mkono wangu, kimoyomoyo, kwa sababu ndivyo tulivyozoea na kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Sijazi tena. Nakuuliza waziwazi: mguu ukoje? Usiniandikie kwamba u mzima kwa heshima. Kama ulikwenda hospitali, niandikie walichosema. Kama hukwenda, niandikie kwamba hukwenda, sitakugombeza kwa barua. Kama hujui ukoje, andika kwamba hujui, na Nsimire amekwisha kusema kwamba atanileta mwenyewe kwa njia ya Uvira. Yeye haogopi ile milima kama wewe.

Nisalimie wifi yangu mpendwa, mwambie kitambaa alichonishonea kiko juu ya meza ya ofisi na wote wanakiulizia. Msalimie mwanao mkubwa Yusto, anayekusikilizia redio, mwambie shangazi yake anangoja barua ya mkono wake. Msalimie katekista wetu mzee, na yule jirani wa mpaka pia, kwa kuwa salamu hazimpi haki ya shamba. Nsimire anakusalimu sana, anasema "tonton" ingawa nimemwambia ni mjomba.

Sista anarudi kupitia huko kabla ya mwezi kwisha. Mpe jibu lako mkononi. Akisahau namba ya nyumba, asihangaike. Abishe mlango wa juu, barabarani, kama kawaida. Tutakuwa tunasikiliza.

Mdogo wako,
Perpetua